Chungwa la kijani sio lazima liwe bichi

Swali: Mi nachukua ya njano tupu, si ndo yaliyoiva?
Jibu: Hapana, rangi inadanganya sana. Kwenye joto la usiku na mchana ganda linabaki kijani hata kama ndani limeshakolea utamu, unjano unakuja vizuri usiku ukiwa na baridi. We shika mawili ya saizi moja, moja kila mkono, lile zito ndo lina maji, jepesi limeanza kukauka ndani. Alafu bonyeza kidogo pale kwenye kikonyo kwa dole gumba, kama linabonyea au lina unga wa kijani liache, hiyo ni fangasi. Chenza ganda lake kuachia kidogo ni kawaida.

Swali: Nikinunua bichi nikaliweka ndani litaiva?
Jibu: Haliivi. Sio embe wala ndizi, likishachumwa utamu umeishia hapo.

Swali: Moja kwa siku linatosha?
Jibu: Linakaribia. Chungwa la kati lina kama miligramu 70 za vitamini C, mwanamke mtu mzima anahitaji 75 kwa siku, mwanaume 90, kingine utapata kwenye mboga na matunda mengine. Ukilila pamoja na maharage au mboga za majani mwili unanyonya madini ya chuma vizuri zaidi, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asiliache mbali na sahani yake.

Swali: Juisi je?
Jibu: Bora ule lenyewe, na ule utando mweupe usiutoe wote maana ndo wenye nyuzinyuzi. Glasi moja ya juisi inameza machungwa matatu au manne, sukari yote inaingia kwa mpigo na nyuzinyuzi umeshazitupa.

Swali: Natumia dawa za kila siku, kuna shida?
Jibu: Hapa naomba usome taratibu. Shida kubwa iko kwenye balungi, linazuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, basi dawa inajaa mwilini kama vile umezidisha dozi. Mfano ni simvastatini ya kolesteroli na felodipini ya presha. Na usiseme utakula asubuhi dawa umeze usiku, nguvu ya balungi inaweza kupita masaa 24. Danzi nalo linaweza kufanya hivo hivo. Muulize mfamasia kwa kutaja jina la dawa yako kabla hujamenya.