Je, wajua? Terminali mpya haiongezi ndege hata moja

Miaka yote nilikuwa najua uwanja wa ndege wa jiji ukijaa dawa ni kujenga jengo kubwa la abiria, yameisha. JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere pale Dar, walipofungua Terminal 3 mwaka 2019, ya abiria milioni 6 kwa mwaka, mimi ndo nilikuwa wa kwanza kutangaza kijiweni kwamba sasa ndege zitamiminika. Kumbe nilikuwa naongelea sebule wakati tatizo la viwanja vilivyojaa liko getini, na geti lenyewe ni ranwei, ile njia ya ndege kutua na kuruka. Heathrow ya London walipata kibali cha Terminal 5 mwaka 2001 kwa sharti kwamba ndege zisizidi 480,000 kwa mwaka, yani zinazotua na kuruka zote pamoja. Jengo likafunguliwa 2008, kubwa kweli, na sharti liko palepale. Wakitaka abiria zaidi inabidi waje na ndege kubwa zaidi.

Urefu wa ranwei nao usikudanganye kwamba unaongeza ndege. Ya uwanja wa JKIA Nairobi ina kilomita 4 na ushee, ila ni kwa sababu mji uko juu, hewa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia sana kabla ya kunyanyuka.

Sasa kwa nini ndege zisifuatane tu mkia kwa pua kwenye ranwei? Kasimame feri Kigamboni uangalie pantoni ikipita karibu na mtumbwi. Pantoni imeshaenda zake, mvuvi bado anayumba na mawimbi yake. Ndege nayo inaacha mawimbi, kila ncha ya bawa inasokota hewa kama kimbunga kidogo kilicholala, hukioni, na ndege nzito ndo balaa zaidi. Kwa kanuni za kimataifa zilizozoeleka, dege zito likifuata zito mwenzake linaacha kama kilomita 7, lakini kindege kama vile vya kwenda Zanzibar kikiwa nyuma ya zito kinaacha kama 11. (Upepo ukivuma pembeni hewa hiyo husukumwa mapema, kwa hiyo namba hizi zina akiba ndani yake, na viwanja vingine vimeanza kuzipunguza.) Ndo maana waongoza ndege wanapenda kupanga wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo, na anayeandika mpango wa miaka 30 anauliza kwanza ndege za aina gani zitakuja, majengo baadaye.

Ninayoipenda mimi ni Gatwick, hapohapo London. Ranwei kuu moja, na mwaka 2019 walipitisha abiria milioni 46 hivi! Walikuwa wamesaini mwaka 1979 kwamba hawatajenga nyingine kwa miaka 40. Pembeni wana ranwei ya akiba, ila iko karibu mno kutumika pamoja na kubwa, hivyo wakaomba kusogeza mstari wake wa katikati, wakakubaliwa Septemba 2025, na baada ya mabishano yote hayo unasogezwa mita 12.