Je, wajua kwa nini mguu uliokatwa bado unahesabiwa kwenye uzito?

Mjomba wangu wa Newala alikatwa mguu katikati ya paja. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameshaanza mazoezi, na karatasi yake ya kliniki ilisema: kilo 66, asiongezeke. Nikaona wamekosea. Ana urefu wa mita 1.70, na ukigawa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa urefu unapata 22.8, kati ya 18.5 na 24.9 wanazoziita salama. Nikamshauri mkewe azidishe ugali na korosho.

Aliyekosea ni mimi, tena kwa kujiamini. Hesabu ile imetungwa kwa mwili mzima. Ukate mguu, kilo zinapungua, urefu unabaki uleule.

Chukua gunia la korosho pale chama cha msingi. Karani analijua kwa macho: likijaa, kilo 80. Leo mzani unasoma 71. Atasema korosho zimekauka vizuri, kumbe kuna mtu kachota pembeni, na zilizobaki zina unyevu. Kabla ya kusema chochote kuhusu ukavu, arudishe kwanza kilichochotwa. Mwili nao ni hivyo: unarudisha mguu kwa hesabu, ndipo unauliza kama mtu ni mnene au mwembamba.

Paja hukadiriwa kuwa asilimia 10 ya mwili, na kuanzia goti hadi unyayo asilimia 6. Nusu paja na hiyo 6 ni 11. Kwa hiyo 66 ni asilimia 89 tu ya mjomba. Mjomba kamili ana kilo 74 hivi, na uwiano wake ni karibu 25.7. Mwembamba wangu amevuka mstari.

Asilimia hizo zisichukuliwe kama msahafu. Vipimo vinavyotajwa sana, vya Wilfrid Dempster wa Marekani mwaka 1955, vilitokana na maiti 8 za wanaume watu wazima. Mkulima aliyepanda na kushuka uwanda wa Makonde miaka 40 huenda ana mapaja ya namna nyingine.

Wala kutoongezeka si kufunga. Kidonda kinataka protini ili kipone, na misuli iliyolala kitandani nayo inadai. Mbaazi na dagaa havipunguzwi. Korosho ndizo za kuhesabu kwa kiganja: gramu 100 zina kalori kama 550.

Sababu kubwa ya ukali wa kliniki, hata hivyo, ni mguu bandia. Sehemu yake inayovishwa kwenye kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, hutengenezwa kwa kipimo cha siku ile. Ukinenepa kilo chache inabana na kuchubua. Ukikonda inacheza, unaongeza soksi juu ya soksi.

Na mguu bandia wenyewe una uzito wake. Siku hizi nikionyeshwa karatasi, swali langu la kwanza ni kama alipanda mzani ameuvaa au ameuvua.