Bango la kampeni: kabla hujalibandika, jua nani atalibandua

Msimu wa kampeni ukianza simu ya ofisi yetu haipoi, na maswali ni yale yale mawili tu, mgombea anauliza "naruhusiwa kubandika wapi" na mwenye nyumba anauliza "nani kaniwekea lisura hili ukutani kwangu". Mimi niko upande wa vibali na usafi wa maeneo ya umma kwa hiyo mabango nayaona mara mbili, yanapokuja bado yananukia wino, na yanapobaki yananing'inia kwenye waya miezi imepita, mshindi kashaapishwa na aliyeshindwa karudi kwenye shughuli zake.

Kwanza tuweke sawa jambo moja linalochanganya watu wengi. Tume ya uchaguzi ikishampitisha mgombea haimaanishi kampewa na kuta zote za mji. Tume inashughulika na nani anagombea, kampeni inaanza lini na inafungwa lini, lakini ukuta ni wa mwenye ukuta na nguzo ni ya mwenye nguzo. Nguzo ya umeme ina shirika lake, taa ya barabarani mara nyingi iko chini ya halmashauri, kituo cha basi kinaweza kuwa cha kampuni iliyoingia mkataba wa matangazo, yani ndani ya hatua ishirini unaweza kukuta wenyewe watatu tofauti na kila mmoja ana masharti yake. Ndo maana tunasema ruhusa iwe ya maandishi. "Tuliongea na mlinzi akasema poa" tunaisikia kila uchaguzi, sasa mlinzi analinda nyumba, hajapewa nyumba. Hata mpangaji, wakati mwingine mkataba wake haumruhusu kubandika kitu nje.

Sehemu za kukataza zinafanana karibu kila mahali: alama za barabarani, taa za kuongozea magari, kona na njia panda, na miti, manake msumari kwenye mti unaacha kidonda ambacho wadudu na kuvu wanapitia. Hiyo ya njia panda naomba niikazie kidogo kwa sababu watu wanaona tunawabana bure. Kaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limesimama linasubiri kuingia barabara kubwa, alafu weka bango kwenye nguzo ya kona kwa urefu wa macho yako. Linaweza kumficha mtoto anayevuka, mwendesha baiskeli, hata pikipiki nzima, na wewe unachokiona ni mgombea anatabasamu. Kuna halmashauri Ireland zinataka bango la juu ya njia ya miguu liwe angalau mita 2.3 kutoka chini, ili mtu asigonge kichwa na asiyeona asikwaruzwe uso. Kingine ambacho wengi hawakijui, nguzo za taa zina kijimlango cha fundi chini, ukikifunika kwa bango fundi akija usiku lazima alikate, na hapo usije kulalamika kwamba wapinzani wamekuchania.

Muda nao. Hapa kila nchi ina hesabu yake na ndo sehemu watu wanaponzwa kwa kusikia ya jirani. Ireland sheria ya taka ya mwaka 1997 inaruhusu mabango kuanzia siku 30 kabla ya kura, au tangu tarehe ya kura itangazwe kama muda huo ni mfupi zaidi, na yote yatolewe ndani ya siku 7 baada ya kura, ukichelewa faini ya papo hapo ni yuro 150. Uingereza kwa upande wa England wanapewa siku 14 baada ya kura. Kwenu inaweza kuwa zaidi au pungufu, kwa hiyo uliza halmashauri yako kabla hujaenda kwa mchapaji, usisubiri mpaka mzigo umeshuka kwenye gari.

Na ukiwa kwa mchapaji angalia yale maandishi madogo ya chini, jina na anwani ya aliyechapa na aliyetoa. Nchi nyingi ni sharti la kisheria, na bango lisilo nayo linakuwa kosa hata kama limekaa sehemu sahihi kabisa. Kwetu sisi huo mstari ndo wa kwanza kuusoma, sura hatuzihitaji.

Kuna waliochoka na hii vurugu wakaamua kuweka mbao maalum. Ufaransa mbele ya vituo vya kura kuna paneli zenye namba, kila mgombea eneo sawa na mwenzake, na karatasi nyeupe tupu yenye maandishi meusi hawaruhusiwi kwa sababu hiyo ni ya matangazo ya serikali. Japan nao wana mbao zenye vyumba vya namba. Utaratibu mzuri, ila nao una mitego yake, uchaguzi wa gavana wa Tokyo mwaka 2024 walitokea wagombea 56 wakati mbao zilitengenezwa na nafasi 48, waliobaki ikabidi mabango yao yaning'inizwe pembeni kwenye mafaili ya plastiki, na kuna kundi lilijaza nafasi zake kwa picha zisizohusiana na uchaguzi kabisa. Mwaka uliofuata wakarekebisha sheria kudai heshima kwenye mabango.

Tukija kwenye maneno ya bango lenyewe, tafadhali usituletee tukuharirie. Sisi tunapima ukubwa, mahali, urefu na muda. Marekani mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliifuta kanuni ya mji wa Gilbert, Arizona, iliyokuwa inayapa mabango ya siasa masharti tofauti na mabango ya kanisa ya kuelekeza watu kwenye ibada, na mimi naona ni somo zuri kwa afisa yeyote, ukianza kupanga masharti kwa kusoma kilichoandikwa umeshatoka kwenye kazi yako. Mwenye malalamiko ya matusi au uongo aende tume au polisi. Na kuchana bango halali la mwenzako ni kosa sehemu nyingi, hata kama linakuudhi kila asubuhi. Likiwa ukutani kwako bila ruhusa, lipige picha, mpigie wakala wa mgombea mpe muda alitoe, akigoma njoo na picha yako kwetu.

Sasa kubandua, ambako ndo kwenye kazi hasa. Gundi ya unga ukutani inatoka, mwagia maji ya vuguvugu yenye sabuni, acha karatasi inywe mpaka ilegee, alafu kwangua kwa kisu cha bapa ukikilaza, ukikisimamisha unaondoka na rangi ya watu. Gundi ya viwandani sikushauri hata kidogo, utalipa kupaka ukuta mzima. Zile kamba za plastiki za kukaza ukizikata ziweke mfukoni, zikidondoka zinaishia kwenye mtaro, zinanasa takataka, mvua ikija maji yanapanda barabarani.

Kuna kijana mmoja wa kampeni alikuwa na daftari la shule tu, kila bango kalipa namba nyuma na kuandika mtaa na nguzo. Siku tatu baada ya kura kashazunguka yote, yakapungua matatu, akaja ofisini kuuliza kama tumeyaokota. Mawili tulikuwa nayo stoo. La tatu lilikuja kuonekana limeezekea banda la kuku, mwenye kuku akagoma kulitoa na sisi tukaliandika limeondolewa.