Viini vingi vya prosesa na chaji ya simu
Wengi huamini kwamba simu yenye prosesa (chipu inayoendesha kazi za simu) ya viini 8, yaani vitengo 8 vya kuchakata kazi, ina kasi maradufu ya ile ya viini 4, na kwamba humaliza chaji upesi zaidi. Lakini sivyo: programu nyingi hutegemea kiini kimoja au viwili kwa wakati mmoja, hivyo uwezo wa kila kiini una uzito kuliko idadi. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilikuwa na viini 2 tu, wala haikuwa goigoi. Kuhusu chaji, kukiendesha kiini kimoja kwa kasi kubwa hudai volteji ya juu, na matumizi ya umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji hiyo; kwa hiyo kazi inayogawanyika, ikisambazwa kwenye viini kadhaa vya mwendo wa wastani, mara nyingi hutumia umeme mdogo zaidi. Viini visivyohitajika huzimwa.