"Run" si kukimbia tu

Anayeanza Kiingereza huambiwa "run" ni kukimbia, akaandika, akaendelea na neno jingine. Miaka inapita, bado anakwama kwenye sentensi ambazo hazina mtu anayekimbia.

Dhana: Neno fupi lina maana chache.

Ukweli: Aghalabu ni kinyume. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba wahariri wa Oxford English Dictionary wamelipitia upya neno hili na kukipa kitenzi peke yake maana 645. Kikaipiku "set", iliyoongoza katika toleo la 1989. Pua ikitiririka kamasi, "it runs". Injini ikiwaka, rangi ya nguo ikichuja majini, mkataba ukidumu miaka miwili, ni "run" ileile. Kwa maoni yangu, ni kupoteza muda kuzikariri zote. Shika wazo la kitu kilichoanza kwenda na bado kinaendelea, litakufungulia nyingi.

Dhana: Visawe hubadilishana nafasi popote.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoharibu insha nzuri. "Manage" huweza kushika nafasi ya "run" kwenye kampuni, lakini kwenye pua ya mtoto haiingii kabisa. "Flow" inaufaa mto, hailifai basi. "Operate" ni sawa kwa mashine. Iongezee "on" kisha umtaje mtu, na tayari umemlaza kwenye meza ya upasuaji. Hata kwenye kukimbia kwenyewe, anayefanya "jog" anakwenda taratibu, "sprint" ni mbio fupi za nguvu zote, na "dash" ni kuchomoka ghafla. Daktari Mwingereza Peter Mark Roget, alipochapisha Thesaurus yake (kitabu cha visawe) mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa makundi ya mawazo. Kukaa kundi moja si kulingana maana. Kwa hiyo ukikuta kisawe kigeni kwako, tafuta kwanza sentensi mbili tatu zinazokitumia.

Dhana: Maana ya kwanza kwenye kamusi ndiyo sahihi zaidi.

Ukweli: Inategemea kamusi. Ile ya Oxford hufuata historia, kongwe mbele. Kamusi nyingi za wanafunzi hutanguliza inayotumika sana.

Dhana: Maana ni zilezile kila nchi.

Ukweli: Mgombea urais wa Marekani "runs", mgombea ubunge wa Uingereza kwa kawaida "stands". Soksi ndefu za kike zikifumuka uzi, Mmarekani huita "run", Mwingereza huita "ladder".