Hofu haina chumba chake ubongoni

Dhana: Wanasayansi wameshapata mahali hofu inapokaa, panaitwa amigdala.
Hii ndiyo inayosambazwa sana kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kisumu. Amigdala ipo kweli, ndani ya ubongo, moja kila upande, na mtu akiogopa huchangamka. Shida ni kwamba huchangamka pia kwa furaha, kwa kinyaa, na hata mtu akikutana na jambo geni. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Kristen Lindquist na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi za picha za ubongo, wasione sehemu hata moja iliyotengewa hisia moja pekee. Na kuna mama wa Marekani anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibika. Alipopelekwa duka la wanyama alimshika nyoka bila wasiwasi. Lakini alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, hofu ilimvaa akahangaika sana. Kwangu mimi ushahidi huo unatosha.

Dhana: Picha ya ubongo inaonyesha hisia yenyewe.
Picha inayotumika sana kwenye tafiti hizi ni ya fMRI, aina ya MRI inayotazama ubongo ukiwa kazini. Inafuatilia oksijeni kwenye damu, basi. Ule wekundu unaouona kwenye picha ni hesabu zilizotiwa rangi. Na MRI ya kawaida ambayo daktari hukuagizia akishuku kiharusi au uvimbe huangalia umbo la ubongo, kwa hivyo usimpeleke shemeji akapimwe hasira.

Dhana: Tafiti zikiwa nyingi, makosa yote huisha.
Utafiti mmoja huwa na watu wachache, pengine 20, kwa hivyo kuziunganisha hupunguza makosa ya bahati. Upendeleo haupungui. Tafiti zilizoambulia patupu mara nyingi hazichapishwi, na wengi wanaolazwa kwenye mashine hizo ni watu wa Marekani na Ulaya, wanafunzi wa vyuo wakiwa tele. Muuza omena wa soko la Kibuye anayeshtuka akisikia kanjo, askari wa kaunti, wamefika, nani amempiga picha?

Dhana: Basi kazi yote hiyo ni bure.
La. Mwaka 2015 mtafiti wa ubongo Tor Wager na wenzake waliunganisha tafiti 148. Kwa kutazama mpangilio wa ubongo mzima badala ya sehemu moja, waliweza kutofautisha hofu, hasira, kinyaa, huzuni na furaha vizuri kuliko kubahatisha, ingawa bado walikosea mara kadhaa.