Kitalu Nyumba na Wadudu: Jua Unampiga Nani Kabla ya Kupiga Dawa

Malalamiko tunayopokea siku hizi katika ofisi ya afya ya mimea kutoka kwa wakulima wa vitalu nyumba (greenhouse) yanafanana. Mtu amejenga, amefunga dripu, amepanda nyanya au hoho, na kabla tunda la kwanza halijaiva majani yamejaa wadudu. Anauliza: si niliambiwa kitalu nyumba kinazuia wadudu? Kisha anaongeza kwamba amekwisha kupiga "dawa ya asili" mara kadhaa na hali ndiyo kwanza inazidi. Ukimuuliza dawa gani, anaonyesha picha ya chupa isiyo na lebo, au yenye kikaratasi kilichochapwa mtaani: ASILIA 100%, HAINA MADHARA.

Tuanze na hilo la kwanza. Nailoni ya juu inazuia mvua. Wadudu wanazuiwa na neti ya pembeni, na milango miwili inayofuatana ambayo wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe, na mfanyakazi ambaye hakutoka kupogoa nyanya za nje akaingia moja kwa moja na nguo zilezile. Neti ya meshi 50 (matundu 50 kwa kila inchi) inamzuia inzi mweupe. Thiripi, mdudu mdogo anayenyonya majani na maua, ni mwembamba zaidi na wengine watapita hata hapo, lakini ukiibana neti kupita kiasi ukiwa Tanga au Dar es Salaam utazipika nyanya zako zikiwa bado mtini. Lushoto au Njombe, kwenye baridi, una nafasi zaidi ya kubana.

Mdudu akishapenya, mle ndani hana wa kumsumbua. Kuna joto, hakuna mvua ya kumwosha kwenye jani, na wale nyigu wadogo na mbawakawa wenye madoa ambao huko nje wangemla wamebaki upande wa pili wa neti. Kidukari (mdudu mafuta) jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na kwenye joto watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Utitiri kwenye nyuzi joto 30 humaliza kizazi kizima kwa takriban siku kumi. Ndiyo maana mkulima anayekagua mara moja kwa mwezi anakuja kwetu akisema wadudu "wametokea ghafla". Hawakutokea ghafla. Kagua mara mbili kwa wiki, ukianzia mlangoni na kwenye kingo za neti, na geuza majani. Wengi wao wanaishi chini ya jani, na bado tunaona watu wanapiga dawa kutoka juu wakiwa wamesimama wima.

Kifaa cha kwanza ni karatasi nyeupe. Iweke chini ya tawi, gonga tawi mara mbili tatu, kisha tazama. Vumbi halitembei. Kama kuna vidoa vinavyotembea polepole, na ukivisugua kwa kidole vinaacha mstari wa rangi nyekundu au kijani, huyo ni utitiri. Ukiwa na kioo cha kukuza mara kumi utamhesabia miguu minane, maana si mdudu, ni ndugu wa buibui. Jani lake huwa na nukta nyingi za manjano kana kwamba limechomwa na sindano, na baadaye utando mwembamba unaunganisha majani ya juu. Kumjua huyu ni muhimu kuliko wote, kwa sababu viuadudu vingi havimgusi. Vinaua maadui zake na kumwachia uwanja. Mkulima anayepiga dawa kali ya wadudu kila wiki na utitiri unaongezeka hajauziwa dawa feki, ingawa ndivyo anavyokuja kushtaki. Amempiga asiyehusika.

Vikijitokeza vijiti vyembamba vya manjano au kahawia, virefu kuliko upana, vinavyokimbia, huyo ni thiripi. Wakulima wa vitunguu wanamfahamu kwa jina la chawa. Jani huwa na mabaka yanayong'aa kama fedha na vinukta vyeusi vya kinyesi juu yake. Hujificha ndani ya maua, na wengi hushuka udongoni kukamilisha ukuaji, kwa hiyo dawa ya majani pekee haiwamalizi. Kadi ya gundi ya bluu humvuta yeye, ya njano humvuta inzi mweupe na vidukari wenye mabawa. Kadi hizi ni za kukupa taarifa. Hazitaokoa zao lililokwisha kuvamiwa.

Inzi weupe hawahitaji karatasi. Tikisa mmea, wataruka wote kwa pamoja na kurudi. Tatizo lao kubwa halipo kwenye utomvu wanaonyonya bali kwenye virusi wanavyobeba, vile vinavyokunja majani ya nyanya kuelekea juu na kuyadumaza, ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta. Mmea wenye rasta hauponi. Ng'oa, uweke kwenye mfuko ukiwa palepale, ndipo utoke nao. Kuuburuta kutoka mwisho wa kitalu hadi mlangoni ni kuwasambaza inzi wake kwenye kila mstari unaoupita. Vidukari, au wadudu mafuta, mara nyingi huonyeshwa na sisimizi wanaopanda shina kufuata majimaji matamu, na masizi meusi yanayoota juu ya majani.

Mkanganyiko unaotuchosha zaidi ni wa kidomozi na kantangaze (Tuta absoluta), wadudu wawili ambao watoto wao hula ndani ya jani. Chuma jani lenye michoro, liinue kwenye mwanga wa jua. Kidomozi huacha njia nyembamba inayopindapinda, na ndani yake yumo funza wa manjano asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana. Kantangaze huacha baka pana, jani limebaki ngozi mbili zisizo na nyama katikati, na ndani utaona kiwavi mwenye miguu, kichwa cheusi, na vinyesi vyeusi vimekusanyika upande mmoja. Kidomozi mwenye michoro michache kwenye majani ya chini unaweza kuvumiliana naye. Kantangaze hapana: tangu aingie nchini mwaka 2014, akitokea asili yake Amerika ya Kusini kupitia Ulaya, amekwisha kumaliza mashamba mazima, kwa kuwa hula jani, shina na tunda.

Hapa niseme jambo la pembeni. Ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu wadudu wa mimea ya ndani umeandikwa kwa ajili ya watu wanaokuza bangi vyumbani, kwa mfano Kanada, ambako tangu Oktoba 2018 kaya katika majimbo mengi inaruhusiwa kuwa na miche minne. Wadudu wao ni hawahawa: utitiri, thiripi, vidukari, inzi weupe. Lakini sheria zao si zetu. Wanaotupigia kuuliza kuhusu "mmea fulani wa ndani" bila kuutaja, jibu ni kwamba kilimo cha bangi kimepigwa marufuku Tanzania na hatutoi ushauri wake. Wanaotaka kuagiza utitiri walaji, yaani wanaokula utitiri wenzao, kwa posta kama walivyoona kwenye video, kiumbe hai chochote cha kudhibiti visumbufu kinahitaji kibali kabla hakijaingia. Tena hata kibali kikipatikana huenda umeagiza asiyefaa. Phytoseiulus persimilis anayesifiwa sana hula vizuri utitiri wa madoa mawili, ila hastawi akimla utitiri mwekundu wa nyanya, Tetranychus evansi, ambaye ndiye anayesumbua nyanya nyingi ukanda huu.

Sasa njia zinazokubalika kwa mkulima asiyetaka kemikali za viwandani. Zipo, zinafanya kazi, na kila moja ina mdudu wake. Bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis) ni kwa ajili ya viwavi tu, na lazima kiwavi amle. Piga mapema viwavi wakiwa wachanga, usitegemee kumwona amekufa jioni ileile, na usimpigie utitiri. Kuvu kama Beauveria na Metarhizium humwotea mdudu mwilini na huhitaji unyevu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimefanya kazi kubwa ya kupata aina zinazofaa kwa thiripi na utitiri. Ukichanganya kuvu hao na dawa ya ukungu kwenye pampu moja umewaua kabla hawajatoka kwenye bomba. Sabuni huua vidukari, inzi weupe wachanga na utitiri pale tu inapowagusa ikiwa bado mbichi, kwa hiyo sehemu ya chini ya jani lazima ilowe. Tumia sabuni ya maji au ya mche iliyoyeyushwa, mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia huchoma majani, na tumeshaonyeshwa majani hayo mara nyingi yakiitwa "ugonjwa mpya". Jaribu kwenye mimea michache, subiri siku mbili, ndipo uendelee.

Mwarobaini ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Hauui papo hapo. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujibadilisha ngozi, kwa hiyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa, na jua huuharibu haraka. Chukua viini vya mbegu zilizokaushwa vizuri bila ukungu, saga gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, piga jioni, na utumie siku hiyohiyo. Kioevu kilichokaa kwenye dumu wiki mbili ni maji machungu.

Hayo ni kwa matumizi ya shamba lako mwenyewe. Ukikiweka kwenye chupa na kukiuza, mambo yanabadilika. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa kuunganisha iliyokuwa TPRI (taasisi ya utafiti wa viuatilifu) na huduma za afya ya mimea za Wizara ya Kilimo, kiuatilifu kinatakiwa kusajiliwa kabla ya kuuzwa, na anayekiuza anatakiwa awe na kibali cha biashara hiyo. Haijalishi kimetoka kiwandani au kwenye mti wa uani. Mwombaji wa usajili huwasilisha taarifa za viambato, sumu yake kwa binadamu na mazingira, na sampuli kwa ajili ya majaribio ya kuthibitisha kwamba kinafanya kile kinachodaiwa. Kisichosajiliwa kinaweza kuzuiwa, kukamatwa na kuteketezwa, na mwenye nacho akafikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Vilevile kuandika "kilimohai", yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, kwenye boksi la nyanya si pambo. Alama hiyo ni ya wazalishaji waliothibitishwa kwa kufuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimohai cha mwaka 2007.

Tunaambiwa tunawabana wajasiriamali wadogo. Mmea wa utupa ni wa asili, na wavuvi haramu wanautumia kulevya samaki kwa sababu ni sumu. Tumbaku ni ya asili, na nikotini yake hupita kwenye ngozi ya mpigaji dawa, achilia mbali kwamba majani ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vinavyoingia kwenye nyanya. Pareto, ua linalotolewa kiuadudu, linalolimwa Mbeya na Iringa, ni ya asili, na huua nyuki na nyigu wasaidizi pamoja na wadudu unaowataka wafe. Neno "asili" halimwambii mkulima avae glavu au asivae, wala asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna.

Lebo ndiyo inayomwambia. Kwenye chupa halali tafuta namba ya usajili, jina la kiambato amilifu, yaani kile kinachoua (si jina la biashara pekee), zao na kisumbufu kilichoruhusiwa, kiasi kwa lita, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na utepe wa rangi chini: nyekundu ni sumu kali sana, kisha njano, bluu, na kijani ambayo ni ya tahadhari ya chini kuliko zote lakini bado ni tahadhari. Kama nyanya haikutajwa kwenye lebo, usiitumie kwenye nyanya, hata kama jirani aliitumia na hakufa. Dai risiti. Bila risiti yenye jina la duka na tarehe hatuna pa kuanzia tukitaka kumfuata muuzaji. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye pampu, itoboe, na usiichome wala kuifanya ya kuwekea mafuta ya kula.

Ukishindwa kumtambua mdudu, leta sampuli kwa afisa kilimo wa kata au ofisi ya afya ya mimea iliyo karibu. Majani yawe mabichi, yenye dalili za mwanzo na za katikati, yamefungwa kwenye gazeti kavu. Mfuko wa nailoni uliofungwa huyaozesha njiani. Wadudu wakubwa kidogo, au viwavi, waweke kwenye kichupa chenye spiriti. Andika mahali, zao na aina yake, tarehe ya kupanda, lini uliona dalili, na kila ulichopiga pamoja na tarehe, hata kile unachodhani hatutakipenda. Leta mwanzoni mwa wiki, kwa kuwa sampuli ya Ijumaa mchana hukaa hadi Jumatatu na hufika kwa mtaalamu ikiwa imekwisha. Na ile chupa isiyo na lebo iliyobaki stoo, ije pia, imefungwa vizuri na isipande gari moja na chakula. Mkulima anayekuja kuuliza hatumkamati. Tunachotaka kutoka kwake ni jina la duka.